Sauti ya Shangazi Ilivyohamia Kwenye Simu

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na sauti ambayo watu waliijua kuliko walivyomjua yeye mwenyewe. Ukipita kwa fundi cherehani wa pale kona utaisikia ikitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la vifungo, ikieleza namna ya kupima kiuno. Ukipita kwa vijana wanaojifunza umeme utaisikia ikisema, kabla ya yote, zima swichi kubwa. Naye anapita hapo hapo, mkoba begani, anaenda kazini, wala hakuna anayegeuza shingo.

Nilipohamia kwake sauti hiyo ilikuwa imeshamtoka. Alipata uvimbe kooni, na madaktari walipoutoa waliutoa pamoja na zile nyuzi zinazotupa sauti. Akabaki na pumzi tu. Akitaka kusema anasukuma hewa na midomo inacheza, na kama uko karibu na hakuna kelele, unamwelewa. Mimi nilimzoea upesi kwa kuwa mwenyewe si msemaji. Wengine walikuwa wanachoka. Wanaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo," hata pale alipokuwa anauliza ni saa ngapi.

Aliyepata tabu zaidi ni Bibi, mama yake. Bibi haoni. Macho yalimwisha taratibu kabla sijazaliwa. Masikio yake yanakamata mlango, sufuria, hatua za miguu, na anajua nani ameingia kwa jinsi anavyovua viatu, lakini mnong'ono hayaukamati hata kidogo. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kulikuwa na mama asiyeona na binti asiyesikika. Shangazi akimgusa mkono, ni chai. Akimgusa bega, maji ya kuoga yako tayari. Akimshika vidole na kutulia, hakuna neno, ni kumwambia tu niko hapa. Mengine yote yalipitia kwangu.

"Amesema nini?" Bibi ananiuliza.

"Amesema kesho atachelewa kurudi."

"Amesema kwa hasira au kwa upole?"

Hapo ndipo nilipokuwa nashindwa. Nilikuwa namtazama Shangazi, naye ananitazama, na ninasema upole, hata kama sivyo.

Shangazi hakulalamika. Ila nilikuwa naona jinsi anavyofungua mdomo mbele ya mama yake, halafu anaufunga. Alitaka kitu kimoja tu duniani: azungumze na mama yake, wao wawili, bila mimi katikati.

Kazini kwake ni ghorofani, juu ya duka la rangi, na ngazi zake zinanuka rangi hadi mlangoni. Ni ofisi ya kutengeneza masomo ya mtandaoni kwa watu wanaotaka kujifunza kazi za mikono. Yeye hakuwa mwalimu. Aliingia pale kupokea simu. Siku moja yule mama mwenye ofisi, ambaye wote wanamwita Madam, alimsikia akimwelekeza mteja njia ya kufika, na mteja akafika bila kupotea. Madam akamwekea karatasi mbele akamwambia, "Hebu nisomee hii." Tangu siku hiyo akawa anasoma yeye. Kulikuwa na kichumba cha kurekodia kilichogongewa vipande vya godoro ukutani, ndimo alimoingia asubuhi na kutoka jioni miaka yote hiyo. Siku hizi wanaweka humo mifagio. Sikumwona hata siku moja akikifungua.

Masomo hayo ya zamani yalitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, zile za mezani zenye skrini pana. Halafu dunia ikahama. Programu zilizokuwa zinayaendesha zikaachwa, na ukijaribu kufungua somo unaona kisanduku cha kijivu, basi. Wanafunzi nao hawakuwa tena na kompyuta. Walikuwa na simu, tena simu za bei poa. Madam akaona masomo yote aliyoyatengeneza kwa jasho yanageuka takataka, akamrudisha Shangazi baada ya matibabu, akampa kazi ya kuyahamisha.

Kazi ilikuwa hivi. Pembeni ya ofisi kulikuwa na kompyuta moja kuukuu, wanaiita Babu. Babu peke yake ndiye aliyekuwa bado anaweza kufungua masomo ya zamani, na alikatazwa kabisa kuunganishwa na mtandao, kwa sababu akiunganishwa tu atajisasisha mwenyewe na kusahau kila kitu. Shangazi alikaa na Babu, hedifoni masikioni, anacheza somo, anaitoa sauti, anaikatakata vipande vifupi, kisha anapanga picha upya zikae wima zitoshe kwenye simu. Siku nzima anasikiliza sauti yake mwenyewe ikimfundisha.

Mimi walinichukua kwa jambo moja. Nilisoma madarasa machache tu, na nina simu yenye kioo kilichopasuka. Madam alisema mimi ndiye mwanafunzi wao halisi, nikikwama mimi, somo limekwama. Basi wananipa somo, nakaa kwenye kiti cha plastiki, nafuata kila ninachoambiwa, wananitazama.

Somo la kwanza kunipa lilikuwa la kutengeneza pasi ya umeme. Sauti ya Shangazi ikasema, tamu kabisa, "Sasa tazama picha iliyo upande wako wa kulia."

Nikatazama kulia.

"Vipi?" akauliza Chaji. Chaji ni kijana wa mitambo wa pale ofisini, aliitwa hivyo kwa sababu kila anayeingia lazima amwombe chaja.

"Kulia kuna ukuta," nikasema.

Chaji alicheka mpaka akashika meza. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kompyuta picha zilikaa kulia. Kwenye simu zimeshuka chini, na sauti haijui. Bado inakuambia utazame kulia, ubonyeze kipanya, ufungue dirisha la pili. Kipanya kipi, kwenye simu? Ilikuwa kama mtu aliyekufa zamani anayeelekeza wageni kwenye nyumba iliyobomolewa, anawaambia pita mlango wa jikoni, na pale hakuna jiko wala mlango.

Mtu mwingine angerudi kurekodi sentensi hizo upya. Shangazi hakuwa na cha kurekodia. Akajaribu kushona. Alitafuta neno "chini" kwenye masomo mengine, akalikuta kwenye somo la umeme, akalikata na kulipachika. Tukalisikiliza. Sauti ilisema polepole, "Sasa tazama picha iliyo," kisha ikapiga ukelele, "CHINI!" kwa sababu kule kwenye umeme alikuwa anamkataza mtu asidondoshe waya. Mimi niliruka kitini. Madam alicheka, Chaji alicheka, hata Shangazi alicheka, kicheko chake kile cha hewa kinachotikisa mabega tu. Lakini walilirudia mara nyingi mno, na kila mara ule ukelele ulikuwa pale, mtu mzima mwenye afya anapiga kelele kutoka mahali ambapo hakuna wa kumjibu, na kicheko kikaisha.

Ndipo Chaji akasema, "Anti, kuna njia nyingine. Siku hizi unaichukua sauti ya mtu, unailisha programu, inajifunza. Ukimaliza unaandika chochote, inakisema. Kwa sauti ya mtu huyo huyo."

Madam akauliza, "Hata neno ambalo hajawahi kulisema?"

"Hata ambalo hajawahi kuliwaza, Madam."

Shangazi akachukua simu yake akaandika, akamwonyesha Madam. Niliona kwa pembeni. Aliandika: Nakubali, ila na mimi nipewe ya nyumbani.

"Ya nyumbani ya nini?"

Akaandika: Ya kuongea na mama.

"Utapewa," Madam akasema. "Kwani ni ya nani? Si yako?"

Chaji alibeba kila kitu kilichokuwa kwa Babu, masomo yote, ya mwanzo na ya mwisho, akailisha programu yake. Siku aliyotuita, tulisimama nyuma ya kiti chake. Akaandika: Sasa gusa picha iliyo chini ya maandishi. Akabonyeza.

Kwanza hatukusikia neno. Tulisikia koo likikohoa, kile kikohozi kidogo cha kusafisha njia, khm, kisha mate yakimezwa. Halafu sauti ya Shangazi ikasema, "Sasa gusa picha iliyo chini ya maandishi." Safi. Sentensi ambayo hakuisema hata siku moja maishani mwake.

"Eh! Programu ina mafua!" Chaji akacheka. Akaandika nyingine. Khm, mate, sentensi. Nyingine. Kila sentensi ndefu ikaanza hivyo hivyo. "Mbona inakohoa hii? Nani kaifundisha kuko..."

Hakumaliza. Alikuwa amegeuka, amemwona Shangazi.

Hakuna aliyeifundisha. Ilijifunza yenyewe. Miezi ya mwisho ya kurekodi Shangazi alikuwa anasafisha koo kabla ya kila sentensi, na aliyekuwa anahariri wakati ule aliacha nyingine zikapita. Programu ikadhani ndivyo mtu huyu anavyoanza kuzungumza. Ikauchukua na ugonjwa.

Chaji aliomba radhi, masikio yamemwiva kwa aibu. "Itabidi nitumie masomo ya kabla tu, Anti. Yale ulipokuwa mzima. Lakini mimi siwezi kujua ni yapi. Wewe ndiye utakayejua."

Akamtengenezea mikoba miwili kwenye kompyuta, yaani folda za kutunzia masomo. Mmoja akauita Kabla, mwingine Baada. Masomo yote yalikuwa ndani ya Kabla, yamepangwa kuanzia la kwanza kurekodiwa. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuyahamisha mabovu.

Yeye siku zote aliamini ugonjwa ulianza wakati wa somo la kutunza wagonjwa. Alishawahi kunisimulia hivyo, akasema ni kichekesho cha Mungu. Basi akalihamisha lile na yote yaliyolifuata, akawa kama amemaliza. Halafu, kwa kuhakikisha tu, akasikiliza la nyuma yake, lililorekodiwa kabla. Nikaona uso wake unabadilika. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akanivalisha hedifoni.

"Unasikia?" midomo yake ikauliza.

Sikusikia kitu. Mwanamke anaeleza upindo wa sketi, basi. Akaniwekea tena, kidole hewani, na kwenye neno "upindo" akakishusha. Pale mwishoni mwa neno kulikuwa na mkwaruzo, mdogo kama ukucha juu ya kitambaa.

Akalihamisha. Akasikiliza la nyuma yake. Akalihamisha na hilo.

Alishinda hivyo mchana baada ya mchana. Alikuwa anarudi nyuma, miaka inapungua, na kila alipofika ule ukucha ulikuwa umeshamtangulia. Kwenye kupima kiuno. Kwenye kupanga bidhaa dukani. Mkoba wa Baada ulikuwa unanenepa, wa Kabla unakonda. Chaji alipita akachungulia, akashika kichwa.

"Anti, jamani! Ukiendelea hivi hakitabaki kitu cha kulisha programu. Hilo ni zima kabisa, mimi sisikii chochote."

Shangazi alimnyooshea kidole akae, asikilize. Akakaa. Akasikiliza. "Hakuna kitu," akasema, lakini aliinuka haraka, na siku hiyo hakupita tena upande wetu.

Mimi sikulala sawasawa siku hizo. Niliusikia mkwaruzo ule kila mahali: kwa muuza maji, kwa mtangazaji wa redio, kwa mtoto wa jirani anayehesabu. Nilikuwa nawatazama watu wanaongea na kucheka, na ninajiuliza kama nao wameshaanza na hawajui. Na nilijua Shangazi anachotafuta si somo zima la kulisha programu. Alikuwa anatafuta siku. Ile siku ambayo angeondoka mle kichumbani akaenda kwa daktari, akarudi na sauti yake.

Aliipata. Sijui kama ndiyo yenyewe au alichoka. Ilikuwa somo la kutengeneza pasi, lile lile la kulia kuna ukuta. Alilisikiliza hadi mwisho, akalihamisha, akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu kama zimejaa maji. La nyuma yake hakuligusa. Akamwita Chaji kwa kugonga meza.

Yaliyobaki yalitosha.

Sauti ya pili haikukohoa. Ilikuwa nyororo na changa. Masomo yakaanza kutoka na maelekezo mapya, gusa hapa, telezesha juu, tazama picha ya chini, nami nikayafuata moja baada ya jingine bila kukwama. Wanafunzi hawakujua kwamba nusu ya maneno hayo hayakutoka mdomoni mwa mtu. Madam alifurahi, akatununulia soda.

Na Shangazi akapewa ya nyumbani. Chaji aliiweka kwenye simu yake, na ili Bibi asikie vizuri, akaleta na spika ndogo, tukaiweka juu ya rafu ya vyombo. Shangazi akiandika kwenye simu, sauti inatokea rafuni.

Ilikuwa Jumapili, tumemaliza kula. Bibi alikuwa anakunja nguo kwenye mkeka, anatafuta mishono kwa vidole. Shangazi alikaa mbele yake, magoti yao karibu yaguse. Akaandika.

"Mama," ikasema rafu. "Ni mimi."

Mikono ya Bibi ilisimama. Akageuza uso juu, kulekule kwenye vyombo.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

Binti yake alikuwa pale, kila siku alikuwa pale, ndiye aliyemwogesha asubuhi hiyo.

"Nilikuwa hapa hapa, mama."

"Mwongo wewe," Bibi akasema, akaanza kulia na kucheka pamoja. "Miaka yote hii unaniacha na huyu mtoto anayenijibu nusu nusu. Hajui hata kutia chumvi maneno! Umepona?"

Shangazi akaandika. Kisha sauti ikasema, "Hii ni mashine, mama. Mimi naandika, yenyewe inasema."

"Sawa, sawa. Sema tena."

Waliongea mchana kutwa. Juu ya baba yangu, juu ya jirani aliyehama bila kuaga, juu ya bati linalovuja. Bibi alimgombeza kwa mambo ya zamani kweli, naye akajitetea. Nilitoka nje nikawaacha. Nilifurahi, sitadanganya. Nilijua kazi yangu ya kuwa mdomo imekwisha.

Lakini mimi natazama, ndiyo tabia yangu. Na nilichokuja kukiona kilinitia baridi.

Bibi akiongea, alikuwa anaongea na rafu. Shangazi anakaa miguuni pake, uso wa mama yake unampita juu ya kichwa. Sauti ile haikuchoka. Haikuwa na hasira. Siku moja walibishana kuhusu dawa za Bibi, Shangazi anaandika kwa kugonga, mishipa ya paji imemsimama, na kule juu sauti inasema kwa utulivu kama inamfundisha mtu kupima kitambaa, "Mama, nimechoka kukubembeleza."

"Umekasirika?" Bibi akauliza.

Shangazi aliandika ndiyo. Sauti ikasema ndiyo, tamu kama asali. Bibi akatabasamu. "Hata, hujakasirika wewe. Nakusikia."

Polepole akaacha kuutafuta mkono wake. Zamani Shangazi akikaa tu, Bibi ananyoosha vidole. Sasa mikono ilikaa mapajani, uso juu. Siku ambazo mimi sikuitwa ofisini, Shangazi akiwa kazini, Bibi ananiambia, "Mwite." Nikimwambia yuko kazini, ananiambia, "Yuko hapo juu, mwite." Nilimwambia haiwezekani bila mwenyewe kuandika. Akanuna. Basi nikatafuta njia, nikawa namfungulia masomo kwenye simu yangu, kupitia spika ile. Akakubali. Akawa anajibu maswali ya somo kwa sauti. Bibi yangu asiyeona akajua kufunga soketi, akajua rangi za nyaya zote, ananiuliza, "Nyekundu inakwenda wapi?" na nisipojibu ananicheka.

Siku hiyo Shangazi alirudi mapema, mchana, umeme ulikatika ofisini. Bibi alikuwa anasikiliza somo. Kwa kuwa spika ilikuwa inasema kwa nguvu, hakusikia viatu. Shangazi akapiga magoti nyuma yake, akamshika bega.

Bibi alishtuka, akautupa ule mkono. "Nani wewe?"

Shangazi akamshika tena, vidole, ile ya niko hapa.

"Tulia basi," Bibi akasema, akaunyanyua mkono kumnyamazisha. "Mwanangu anaongea."

Spika ikaendelea. Kaza skrubu ya kwanza, usiikaze mno.

Sikujua niangalie wapi. Shangazi alibaki amepiga magoti. Nilidhani atalia, au atanigeukia mimi niliyefungua somo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka, akaenda rafuni, akachomoa waya wa spika. Nyumba ikanyamaza ghafla hivi kwamba tulisikia bomba la nje likidondosha.

"Amekwenda wapi?" Bibi akaita. "Mtoto! Amekwenda wapi huyo?"

Nilifungua mdomo, Shangazi akanipungia nikae kimya. Alirudi akakaa mbele ya mama yake, akaandika, akaigeuza simu upande wa spika yake ndogo, akaibana kwenye koo lake, hapa chini ya kidevu. Akabonyeza.

"Mama," ikasema, kwa sauti ndogo ya simu. "Nitafute kwa mkono."

Bibi alikuwa ametazama juu, kwenye vyombo. Uso ukashuka, ukatafuta, ukapita, ukarudi. Mkono ukanyanyuka. Ulikuta kwanza simu, ukaipapasa kingo zake, ukataka kuibeba. Shangazi hakuiachia. Ndipo vidole vikatambaa pembeni, vikakuta ngozi, vikakuta lile kovu lililovimba kama kamba, lililovuka shingo kutoka huku hadi huku. Sikuwahi kuona Bibi akiruhusiwa kuligusa. Tangu nihamie pale Shangazi alikuwa anaukwepesha mkono wake, kila siku, kwa ujanja ambao mimi tu niliuona.

"Hapa ndipo walipokata?" Bibi akauliza.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, na vidole vikapanda vikashuka pamoja na shingo.

"Parefu hivi?"

Akaitikia tena. Bibi akalifuata kovu lote, akarudi, akalifuata tena, kama anavyotafuta mishono ya nguo. Aliyekuwa na hofu sasa alikuwa Shangazi. Aliteremsha simu, akaandika kitu kirefu, akafuta. Akaandika kifupi. Sauti ile changa, isiyo na mkwaruzo hata chembe, ikatokea mapajani mwake.

"Ilianza kwenye somo la pasi. Sikujua."

Bibi hakugeuka kuifuata. Uso wake ulibaki palepale mkono ulipokuwa.

"Mimi nilijua," akasema.

Nilishika ukingo wa mlango.

"Ulikuwa unafanyia mazoezi hapa nyumbani, unanisomea mimi kwanza. La pasi ulinisomea mara mbili. Nikasikia kitu kinakwaruza. Nilisema moyoni ni vumbi. Halafu nikakisikia tena kesho yake, na keshokutwa, kila ukiingia mlangoni nakisikia kabla ya salamu. Nikaogopa kukitaja. Niliona nikikitaja kitakuwa kweli." Akatandaza kiganja juu ya kovu. "Hiyo mashine yako haina kile kitu. Ndiyo maana ninaipenda. Nikiisikiliza inakuwa bado sijakisikia."

Shangazi hakuandika. Simu ilizima kioo chake yenyewe. Alifungua mdomo, akasukuma hewa, na maneno yalikuwa mengi, niliona midomo ikienda muda mrefu. Kutoka mlangoni sikuyashika. Bibi naye hakuyasikia, hilo nalijua, masikio yake hayana uwezo huo. Lakini kiganja chake kilikuwa kimefunika koo lote, na kila hewa iliyopita ilipita chini yake. Alikuwa amekunja uso, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Hapo umekasirika," Bibi akasema.

Midomo ikaendelea.

"Ndiyo. Kasirika. Endelea, nipo."

Nikaingia jikoni kuosha vyombo, maana yale hayakuwa yangu. Vyombo vilikuwa vichache. Nilipovimaliza bado walikuwa wanaendelea, nikavirudisha majini nikaviosha upya.